Iko, Yuko, Niko

Maneno yanayosemwa mtaani kwetu kwamba nimeingia dini ya Kihindu hayana msingi, na ninayakanusha. Aliyeyaanzisha aliniona nikipanda ngazi za jengo moja la ghorofa kule Kisutu, na niliposhuka nilikuwa nanukia udi usiokuwa wa kwetu. Kutokana na harufu hiyo akajenga habari nzima. Nimekuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa muda wote wa utumishi wangu, na jambo moja nisilolivumilia ni mtu kutaja uzito wa kitu ambacho hakukipima. Kwa hiyo naandika mwenyewe yaliyotokea.

Rafiki yangu ni mwalimu mstaafu wa fizikia, Mhindu, mzaliwa wa jiji hili kama mimi. Nyumbani kwao walizungumza Kigujarati, darasani alifundisha kwa Kiingereza, na Kiswahili alikiokota sokoni. Ndiyo maana kwake kila kitu ni "iko". Mke wake iko jikoni, mimi niko nje ila yeye husema wewe iko nje, na Mungu pia iko. Tangu tustaafu tumekuwa tukikaa alasiri kwenye benchi la karakana ya mizani upande wa Gerezani, na tangu siku ya kwanza nimekuwa nikimsahihisha.

"Mwalimu, Mungu yuko. Iko ni ya meza."

"Meza iko."

"Ndiyo."

"Mungu yuko."

"Ndiyo."

"Nimeelewa, Bwana Mkaguzi. Kahawa yuko wapi?"

Wenye karakana walikuwa wakicheka, nami sikuona la kuchekesha. Lugha ina ngeli zake kama mizani ilivyo na mawe yake. Ukiweka jiwe lisilo lake, mnunuzi anaibiwa.

Alasiri moja fundi mwenye karakana, mtu wa Lindi asiyeishiwa maswali, alimwuliza, "Mwalimu, hivi nyinyi mna miungu mingapi? Kila duka la Kihindi ninaloingia nakuta picha nyingine."

Mwalimu akasema picha ni nyingi kwa sababu watu ni wengi, lakini nyuma ya zote iko kitu kimoja tu, kisicho na sura, na jina lake ni Brahman. Brahman iko ndani ya benchi hii, akasema, iko ndani ya basi lile la mwendokasi linalopita, iko ndani ya fundi.

"Na ndani yako je?" fundi akamtania.

Mwalimu akaweka kikombe chini, akagusa kifua chake kwa kidole kimoja. "Mimi iko hiyo."

Nilisimama. Nilikuwa nimemsikia mtu mzima mwenye akili timamu, tena rafiki yangu, akisema kwamba yeye ni Mungu. Mimi ni Mwislamu wa ukoo wa pwani, nilipelekwa chuoni kusoma Kurani kabla sijajua kufunga kitufe cha shati, na hakuna neno zito kuliko hilo katika masikio yangu. Nikamwambia, "Mwalimu, leo umekufuru mbele yangu, na hukujali kwamba nipo." Akafungua mdomo kujibu. Sikumngojea.

Kuanzia siku hiyo nikaacha benchi. Alasiri nikawa napita Msimbazi na kukaa kwenye kijiwe kingine, ambako kahawa ni maji ya moto yaliyopakwa rangi na mazungumzo yote ni mpira. Hakuna aliyekosea sarufi kwa namna ya kunipa raha ya kumsahihisha. Nyumbani nilikuwa nikieleza kwa kirefu kwa nini nilikuwa na haki, mpaka mke wangu akasema, "Baba, kama una haki kiasi hicho, mbona hulali mchana tena?"

Nikamjibu kwamba joto limezidi.

Kisha nikakutana na mke wa Mwalimu sokoni Kariakoo, kwenye meza za mboga, akichagua bamia na kuzivunja ncha moja moja huku muuzaji akimlalamikia. Tulisalimiana. Aliniuliza habari za nyumbani, akaniuliza za wajukuu, na bado akawa hajaniambia kitu. Hatimaye akasema, macho yake yakiwa kwenye bamia, "Shemeji, moyo wake unasimama simama. Alhamisi wanamwekea betri."

Nikauliza betri gani.

"Ya moyo. Ndogo. Daktari anasema ni kazi ya kawaida, lakini yeye ni mzee, na sukari yake si nzuri." Akampa muuzaji zile bamia apime. "Kila alasiri anavaa viatu vya kutokea, anakaa navyo. Namuuliza unakwenda wapi, anasema haendi popote. Hajasema jina lako. Mimi ndiye ninayesema."

Nilitembea mpaka nyumbani bila kununua nilichoagizwa. Sikuwa na shaka kuhusu haki yangu. Shaka yangu ilikuwa hii: kama moyo ule utasimama Alhamisi usiwake tena, neno la mwisho kati yangu na mtu niliyekaa naye benchi moja miaka yote hiyo litakuwa ni "umekufuru". Na kama nitakwenda kumpa mkono tu, nikijifanya sikusikia alichosema, nitakuwa nimeliidhinisha jiwe ambalo sikulipima. Yote mawili yalinishinda. Ilibaki kwenda kumwuliza.

Nikaenda Jumanne. Hizo ndizo ngazi nilizoonekana nikizipanda.

Mwalimu alinifungulia mwenyewe, amevaa viatu. Alikuwa amepungua, shingo imelegea ndani ya kola. Sebuleni, juu ya kabati, palikuwa na picha za miungu yao, ua la njano na udi unaofuka, huo ambao mtaa mzima sasa unaufahamu.

"Karibu, Bwana Mkaguzi. Kiti iko pale."

"Kiti kiko," nikasema, na nilipojisikia nikisema hivyo nilikaribia kulia. Nikakaa. "Mwalimu, sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kuuliza. Siku ile ulisema wewe ni Mungu?"

"Hapana."

"Ulisema. Fundi alisikia."

"Nilisema mimi iko hiyo. Sikusema mimi ni yeye." Akavuta pumzi, akangoja moyo umruhusu. "Wewe unafikiri nasema iko kwa sababu sijui Kiswahili. Mara nyingi ni kweli. Siku ile haikuwa hivyo. Brahman si mtu. Si mume, si mke. Kule kwetu tuna Brahma, mungu mwenye sura, picha yake ile pale. Tuna Bramini, kuhani. Brahman ni neno lingine. Lugha zetu za kale zina nafasi ya kitu kisicho mume wala mke, na ndimo wanamoliweka. Kiswahili nitaliweka wapi? Nikisema yuko, nimemfanya mtu. Nikisema kiko, nimekifanya kijiko."

Nikamwambia kwamba hayo ni maelezo ya sarufi, na mimi nauliza habari ya imani. Kitu gani hicho kilichomo ndani ya benchi na ndani ya fundi, na hakionekani?

Akatoa kwenye droo ya meza sumaku ya spika mbovu na bahasha yenye vumbi la chuma, la aina inayozolewa chini katika karakana yoyote ya Gerezani. Akaweka karatasi juu ya sumaku, akanyunyiza vumbi, akaigonga karatasi kwa ukucha. Vumbi likajipanga kwa mistari ya upinde, toka ncha hadi ncha, kama nywele zilizochanwa.

"Unaona nini?"

"Vumbi."

"Kilicholipanga unakiona?"

"Sikioni."

"Hicho tunakiita uga. Nimefundisha hiki miaka yote. Zamani tulidhani vumbi ni kitu halisi na uga ni jambo la pembeni. Leo wataalamu wanasema vingine: hata chembe ya chuma yenyewe, ukiichimba mpaka mwisho, ni mtikisiko wa uga. Kitu ni uga uliotikisika mahali. Benchi ni mtikisiko. Fundi, mtikisiko wenye maswali mengi." Akacheka, akakohoa. "Lakini usiende kuandika kwamba fizikia imethibitisha dini yangu. Haijathibitisha. Uga unapimika, Brahman haipimiki. Nakupa mfano tu, kama ramani. Ukimaliza kuangalia ramani unaikunja."

Nilimheshimu kwa kauli hiyo. Lakini nilikuwa bado sijaridhika, na nikamwambia hivyo.

Akasema, "Ile kilo yako je? Bado unaikasirikia?"

Lazima nieleze. Katika kazi yetu kila jiwe la mizani sokoni hupimwa kwa jiwe la ofisi, na la ofisi kwa jingine lililo bora zaidi, na kuendelea hivyo mpaka kufika kwenye kipande kimoja cha madini kilichofungiwa Ulaya chini ya vifuniko vya kioo. Kipande hicho ndicho kilikuwa kilo. Hakikuwa na uzito wa kilo. Kilikuwa kilo yenyewe. Baadaye wataalamu wakaona kwamba kipande hicho na nakala zake vimeachana kidogo mno, na hapakuwa na wa kusema ni kipi kilichobadilika, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kupimia. Basi nilipokwisha kustaafu wakaamua kwamba kilo isitegemee tena kipande chochote, itokane na kiasi kisichobadilika kilichomo katika maumbile yenyewe. Nililalamika sana kwenye benchi. Niliona kama kazi yangu yote imetolewa msingi.

"Zamani," Mwalimu akasema, "mtu akiuliza kilo iko wapi, unamwonyesha kabati. Sasa iko wapi?"

"Haiko mahali."

"Imekufa?"

"Haijafa. Jana nimenunua sukari."

"Basi iko wapi?"

"Iko kila mahali," nikasema. "Iko hapa mezani kama ilivyo Ulaya. Haiwezi kuibiwa wala kupungua, na haiwezi kuwekwa kwenye sahani ya mizani, kwa sababu ndiyo inayopimia."

"Hapo umesema iko," akasema Mwalimu, "na sarufi imekubali."

Imekubali, kwa sababu kilo ni ya ngeli hiyo. Nilitaka kumwambia. Badala yake nikaanza kufikiri juu ya lile neno lenyewe, kwa tabia tu, kama ambavyo mkono wangu hadi leo ukiona mizani hutaka kuigusa. Niko. Uko. Yuko. Iko. Kiko. Nilikuwa nimetumia miaka nikipigania herufi za mwanzo, kwa sababu hizo ndizo zinazosema ni nani: mimi, wewe, yeye, benchi, kijiko. Na ni sahihi kuzipigania. Lakini nyuma yake, katika maneno yote hayo, kuna silabi moja ambayo haikuwahi kunigombanisha na mtu. Ko. Mbele wanabadilishana, nyuma hapabadiliki. Najua vilevile kwamba kuna po na mo, na ninazitaja hapa asije mtu akaniandikia.

Nikamweleza. Nikaandika kwa kidole kwenye ukingo wa lile vumbi la chuma: ni-ko, yu-ko, i-ko. "Unachokisema wewe," nikasema, "si ni, wala si yu. Unasema ko. Kule kuwako kwenyewe, kabla hakujawa kwa mtu."

Mwalimu aliinama, akazisoma silabi zile moja moja. Kisha akamwita mkewe kutoka jikoni na kumwambia jambo refu kwa Kigujarati akionyesha vumbi, na mkewe akatazama, akaniambia, "Anasema umemfundisha Kiswahili hatimaye."

"Kwa hiyo uliposema mimi iko hiyo," nikasema, "ulisema kwamba kuwako kwako na kuwako kwa benchi ni kuwako kumoja."

"Ndiyo. Na kwako, na kwa fundi. Kama ningekuwa najisifu, ningesema mimi peke yangu."

Niliona kitu kikinishuka kutoka mabegani. Rafiki yangu hakuwa amejipandisha kwenye kiti cha Mola wangu. Alikuwa ameshuka mpaka pale alipolingana na benchi. Mimi naamini kwamba Muumba ni mmoja na kiumbe ni kiumbe, na sikuacha hata chembe ya imani hiyo kwenye meza ile. Nilimwambia wazi. Akasema angeshangaa kama ningeiacha, kwa jinsi nilivyoshindwa kuachana na kipande cha madini.

Tulikunywa chai yao yenye tangawizi na maziwa mengi. Niliposimama kuondoka akanipa mkono, na mkono ulikuwa wa baridi. "Alhamisi," akasema, "hata wakikosea, hakuna kinachopotea. Mtikisiko unatulia, uga iko."

"Uga uko," nikasema. Lakini sauti yangu haikuwa na nguvu ya kukosoa.

Alhamisi sikuweza kukaa. Nilikwenda msikitini adhuhuri, nikamwombea kwa jina lake la Kihindu. Kisha nikaenda kwenye benchi. Fundi alinipisha bila kuuliza kitu, jambo ambalo kwake si dogo. Yale ya ko niliyaona ni kweli, na hayakunituliza hata kidogo. Kuhusu kuwako kwenyewe hakukuwa na wasiwasi, kungeendelea. Mimi nilimtaka yule anayekosea ngeli.

Alasiri ilikuwa imeanza kulegea simu ilipolia. Ilikuwa namba ya mkewe. Nikasema haloo na kukawa na kelele za wodi, sahani, mtu akiburuta kitanda. Halafu sauti ya Mwalimu, nyembamba, ya mtu aliyetoka usingizini.

"Bwana Mkaguzi. Mimi iko."

Fundi alikuwa ananitazama usoni. Nilishika ukingo wa benchi.

"Sema niko," nikamwambia.

"Iko imetosha. Tulikubaliana."

"Iko ni ya hiyo Brahman yako. Wewe sema niko."

Nikamsikia akicheka kwa uangalifu, ili asiumize kifua.

"Niko," akasema. "Niko, Bwana Mkaguzi. Kahawa yuko wapi?"