Shangazi Chimbua: Mfagiaji aliyejifunza kuuliza mtandao mara tatu

Saa mbili na robo asubuhi, maktaba ya chuo bado inanukia sabuni ya kupigia deki. Kwenye meza ya pembeni, mwanamke wa miaka arobaini na tisa anafungua injini tatu za utafutaji, anaandika swali lilelile kwa kila moja, kisha anavuta kiti nyuma alinganishe majibu.

“Hizi ni kama majirani,” anasema. “Ukimuuliza mmoja tu habari za mtaa, utarudi nyumbani na umbeya.”

Wanafunzi wanamwita Shangazi Chimbua. Mumewe, fundi baiskeli, humtania kwamba anajua kusaka dunia nzima ila miwani yake mwenyewe humshinda.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa mfagiaji wa jengo hilihili. Masomo yake yaliishia sekondari, mwaka wa pili, baba yake alipofariki. Siku moja mkutubi mkuu, mama aliyekaribia kustaafu, alimkuta ameegemea ufagio akisoma kompyuta iliyoachwa wazi. Shangazi alijua kibarua chake kimeota nyasi. Badala yake, mkutubi akamvutia kiti.

Ndiye aliyemfundisha kwamba injini za kawaida hutanguliza matangazo na kurasa zinazopendwa, na kwamba zipo nyingine zinazochimba makala za wasomi na ripoti tu.

Mwaka jana binti mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, alimjia amenywea. Msimamizi alikuwa amemrudishia tasnifu yake, na zilibaki siku nne tu kabla ya kuiwasilisha. Utafiti wote ulisimama juu ya takwimu moja, kwamba akina mama saba kati ya kumi huacha kliniki baada ya kujifungua, nayo haikuwa na chanzo. Binti aliapa kwamba ameiona kwenye kurasa zaidi ya ishirini.

“Nikamwambia, mwanangu, mashahidi ishirini walioambiwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja.”

Wakafuatilia. Kurasa zote zilikuwa zimenakili blogu moja. Kwenye injini ya makala za wasomi hawakuambulia kitu, mpaka Shangazi alipoacha neno “kuacha” akaandika “mahudhurio”. Siku ya pili asubuhi ripoti yenyewe ikajitokeza, nakala ya zamani iliyofifia. Saba kati ya kumi walikuwa wale walioendelea kuhudhuria. Mwandishi wa blogu aliisoma kichwa chini miguu juu.

Binti alilia, kisha akaandika sura nzima upya, akieleza jinsi kosa lile lilivyosambaa. Alifaulu, na sura hiyo ndiyo iliyosifiwa zaidi.

Leo Shangazi ni msaidizi wa maktaba. Mwezi ujao anaanza masomo ya cheti cha ukutubi, pamoja na vijana wa rika la bintiye. Jumamosi anakusudia kuwafundisha wafagiaji wenzake wa zamani, na wawili wamekwisha kukubali.

“Wa tatu anaona aibu, anasema ataonekana mjinga,” anasema akitabasamu. “Nimemwambia aje hivyohivyo. Hapa kuuliza ndiyo kazi.”