Mlango ambao mume wangu hunifungulia kila siku

Habari admin na wote mnaosoma. Naomba jina langu lisionekane, maana mume wangu na ndugu zake wako humu. Mimi ni binti wa miaka ishirini na tatu, nimeishia kidato cha nne, naishi Sumbawanga mjini. Nimefunga ndoa kanisani, hata miezi miwili haijaisha, na kabla sijasema kinachonitetemesha naomba mjue kwamba nampenda mume wangu kupita maelezo. Asubuhi za baridi ananichemshia maji ya kuoga kabla sijaamka. Nikitoka nje ananifunika kitenge mabegani kwa mikono yake. Nikimtazama akila ugali wa ulezi niliousonga mimi, naona kama bado naota.

Nilichokuwa najivunia kuliko vyote ni gari. Si gari la maana, ni dogo, la zamani, alilinunua kabla hajanijua na analitumia kwenye biashara yake ya mahindi. Najivunia anavyonifungulia mlango. Tukifika popote, sokoni, kanisani au kwetu Kasense, anashuka, anazunguka mbele haraka haraka, ananifungulia na kunipa mkono. Siku za mwanzo nilipotaka kufungua mwenyewe alinishika mkono kwa upole akasema, "Malkia wangu hashiki kitasa. Tulia, nakuja." Nikatulia. Mama yangu alipoona hivyo alicheka mpaka machozi, akamwambia baba na yeye ajifunze. Shoga zangu wa kwaya wananiita mke wa balozi. Sijawahi kushika kile kitasa tena.

Kuna siku tulikwenda Msanzi kumsalimia dada yake. Wifi alinikuta bado nimekaa garini nasubiri kufunguliwa, akaniangalia kupitia kioo, akaniambia niliposhuka, "Afadhali wewe umetulia. Yule wa kwanza alikuwa hatulii garini." Nilijua mume wangu aliwahi kuwa na mchumba, aliniambia mwenyewe kwamba waliachana na msichana akaenda zake. Nikaona wifi ananisifia. Nikacheka.

Sasa, mlango huo wa upande wangu kwa ndani ulikuwa umechakaa vibaya. Kitambaa chake juu kimepauka kwa jua, na kuzunguka kitasa kimechanika nyuzi nyuzi kama paka kakichezea. Mume wangu alisema ni uzee wa gari, kama ilivyo kwa kioo cha upande huo ambacho hakishuki, mota yake imekufa. Nikasema moyoni, mwanaume anayenienzi hivi nami nitamfanyia kitu. Wiki iliyopita alisafiri na lori kufuata mahindi, gari akaliacha nyumbani na funguo mezani. Nikamwita fundi wa makava ya viti aje uani kwetu abadilishe kitambaa cha mlango. Nilichagua rangi ya maziwa. Nilikuwa naimba, jamani, nawaambia ukweli.

Fundi alifungua skrubu, akaung'oa ubao wa mlango. Akainama, akachungulia ndani. Akaniuliza, "Dada, wewe ukiwa ndani huwa unatokaje?"

Nikamjibu kwa maringo kwamba mume wangu ndiye hunifungulia.

Hakucheka. Akanionyesha kile kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye kitasa cha ndani kwenda kwenye loki. Kilikuwa kimechomolewa na kufungwa pembeni kwa uzi wa bluu, ule wa kushonea magunia. Waya wa kioo nao umechomolewa, mota yenyewe ni nzima kabisa. "Hapa hakuna kilichoharibika," akasema. "Kumefungwa." Kisha akabandua kitambaa cha zamani, na chini yake, kwenye ubao, kulikuwa na mikwaruzo. Mingi, imeshuka kwa pamoja, mistari minne minne. Nikaweka vidole vyangu juu yake. Vikaingia.

Nilikaa chini hapo hapo uani. Fundi akaniuliza kama aunganishe au arudishe alivyokuta. Nikamwambia aunganishe vyote, na asimwambie mtu. Akasema yeye amekuja kubandika kitambaa tu.

Mume wangu aliporudi alifurahi mno. Alinikumbatia, akapitisha kiganja kwenye kitambaa kipya taratibu, akasema nimemfanyia jambo ambalo hajawahi kufanyiwa na mtu. Halafu, kiganja kikiwa bado pale, akaniuliza, "Aliung'oa ubao, au alibandika juu kwa juu?"

Nikasema juu kwa juu. Akanibusu kwenye paji la uso. Akasema Jumamosi tutashuka Kabwe, mimi na yeye tu, tukale samaki na kulala kule ziwani. Tangu wiki ya harusi nilikuwa namwomba anipeleke.

Nimejaribu kumtetea. Pengine yule msichana alikuwa mgonjwa wa kuanguka, akafungiwa ili asidondoke njiani. Uzi wa bluu kila mfanyabiashara wa mahindi anao. Lakini mbona aliniambia mota imekufa? Na huyo msichana, kwenda zake ni kwenda wapi? Naogopa kumuuliza wifi, maana atamwambia kaka yake. Nikimwambia mama atanishangaa, yeye ndiye aliyemsifia mpaka kwa majirani.

Jana tulikwenda kanisani. Akazima gari, akaanza kuzunguka mbele huku akinitabasamia kama siku zote. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitasa. Najua sasa kinafungua. Sikuvuta. Nilisubiri kama malkia, na alipofungua nikampa mkono, naye akasema mbona umelowa jasho na baridi yote hii.

Jumamosi imekaribia. Nimuulize uso kwa uso? Nirudi Kasense kwa wazazi na ndoa ingali mbichi hivi? Au niende naye, nikijua tu kwamba mlango unafunguka? Ninyi mliokaa kwenye ndoa kunizidi, niambieni la kufanya, na mniambie mapema. Bado nampenda.