Bibi anapapasa kioo, kitochi chake nimekificha mimi

Admin, naomba jina langu lisitokee. Sema tu ni Singida, upande wa Mtinko.

Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, nasubiri matokeo. Naishi na Bibi mzaa baba. Macho yake yana ukungu, anaona vivuli tu, lakini simu alikuwa anapiga mwenyewe. Kitochi chake kina kinundu kwenye tano. Anakigusa kwa kidole gumba, kuanzia hapo anajua kila namba ilipo. Jumapili akitoka kanisani anampigia mdogo wake wa Misigiri, wanacheka kwa Kinyiramba mpaka chaji inaisha.

Miezi miwili iliyopita baba mdogo alipiga kutoka Itigi. "Muulize mama, nimletee simu mpya ya vitufe au ya kupangusa?"

Sikumuuliza. Nilijibu, "Anataka ya kupangusa." Niliitaka mimi. Wenzangu wa darasani wana group, mimi peke yangu sikuwemo. Ni mtu wa aibu, mbele za watu sauti inapotea, ila kuandika naweza.

Simu ilipofika, Bibi aliipapasa mbele na nyuma. "We mtoto, hiki si kioo cha kujitazamia? Namba ziko wapi?"

"Zimo ndani, Bibi."

"Sasa mimi humo ndani nitaingiaje?"

Tulicheka wote. Nikamwambia nitakuwa nampigia mimi, maana kitochi kimekufa. Hakijafa. Nilitoa laini, nikakifunga kwenye sketi yangu ya shule, nikakiweka chini kabisa ya sanduku langu.

Tangu hapo simu inashinda kwangu. Ikiita akiwa nayo, anabonyeza katikati kwa nguvu kama alivyozoea, haipokei, mpaka inakatika. Na mimi, jamani, nimemkatia bibi wa Misigiri mara tatu kwa sababu nilikuwa nachati. Jumapili mbili Bibi aliniomba nimpigie, nikamwambia hapatikani. Hata sikupiga.

Wiki iliyopita shangazi alipita akitokea Misigiri. Akasema, "Mama, mama mdogo anaumwa, hainuki. Na analalamika, eti dada yake siku hizi anamkatia simu."

Bibi alishtuka. "Mimi? Huyu mtoto ndiye kidole changu, angeniambia. Hebu mpigie sasa hivi."

Safari hii nilipiga kweli. Iliita kidogo, ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa. Bibi akasema polepole, "Basi, mwanangu, acha. Kuna mahali nimemkosea." Niliinama, nikaendelea kupepeta alizeti kama sijasikia.

Sasa Jumamosi anataka nimpeleke Misigiri akamwombe mdogo wake msamaha. Tangu juzi anakumbuka maneno ya zamani, mara harusi ya nani, mara shamba la baba yao, anatafuta kosa lake. Amesema hawezi kwenda mikono mitupu, apelekewe jogoo. Jogoo mwenyewe nimemkamata mimi.

Nikisema kabla ya safari, naogopa hataniamini tena maisha yake yote, na baba mdogo atajua. Nikinyamaza, Bibi atapiga magoti mbele ya mgonjwa kwa kosa langu. Kitochi bado kipo kwenye sketi. Leo ni Alhamisi. Nishaurini dada zangu na mama zangu, nianzie wapi kumwambia?