Aliyezifundisha Blogu Saa za Kiswahili

Kaka yake alinipigia simu nikiwa sokoni nachagua karoti. "Mdogo wangu ametutoka alfajiri," alisema. "Tunamzika leo baada ya swala ya alasiri." Nikampa pole, nikamwambia nitafika, nikakata simu, kisha nikaendelea kuchagua karoti. Nilipofika nyumbani nilikuta na hoho kwenye mfuko. Lazima muuzaji aliniuliza kama nazitaka nikaitikia, ila mimi sikumbuki. Nilizipanga jikoni, nikapiga pasi shati, nikaenda kuzika. Makaburini nilisimama na wanaume wengine, nikatupia udongo wangu zamu yangu ilipofika, nikarudi nyumbani na viatu vyenye tope. Watu waliniuliza najisikiaje. Nikawajibu kuwa namshukuru Mungu, kwa kuwa hilo ndilo jibu linalotoka lenyewe. Ukweli ni kwamba sikuwa najisikia chochote, na leo ninapoandika hali haijabadilika sana. Naandika kwa sababu ni siku ya kuandika.

Wasomaji wa safu hii mmeshakutana naye humu bila kumjua. Kila nilipoandika "rafiki yangu wa duka la vitambaa" nilikuwa namsema yeye. Alizaliwa Morogoro mjini, binti wa familia ya Kihindi ya Kiislamu ambayo imeuza vitambaa vya mapazia na sare za shule tangu enzi za babu yake. Dukani alikuwa anapima na kukata kitambaa. Pembeni ya meza ya kukatia kulikuwa na kompyuta, na kwenye kompyuta hiyo alifanya kazi yake ya pili, ambayo ndugu zake waliiita mchezo. Alikuwa anatengeneza sura za blogu, zile ambazo vijana huziita themu: mpangilio wa rangi, herufi na nafasi ambao mwenye blogu huuvalisha maandishi yake. Alitengeneza pia plagini, yaani vijiprogramu vinavyopachikwa kwenye blogu ili ifanye jambo ambalo peke yake haiwezi. Vyote alivitoa bure kwenye jukwaa moja kubwa la kublogu, ambako mtu yeyote duniani anaweza kuchukua, kutumia na kulalamika.

Na alikuwa na maoni. Alikuwa na blogu yake ya kuchambua kazi za watengenezaji wenzake, na humo hakumwonea mtu haya. Alichukia picha zinazopokezana juu ya ukurasa, alichukia herufi za kijivu juu ya weupe, na alichukia zaidi zile sura zinazokuja na picha ya watu wenye suti wakicheka mbele ya vikombe vya kahawa. "Hawa ni akina nani?" aliandika mara moja. "Katekista wa Uluguru akishapakua, awafukuze kwanza ndipo aanze kazi." Kila sura mpya aliijaribu kwa simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na akiona inastahili kujaribiwa zaidi alipanda nayo mlimani, hadi pale ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Uchambuzi wake mmoja ninaupenda mpaka leo: "Nimeifungua. Amekuja mteja, nimempimia kitambaa, tumebishana bei, amelipa, ameondoka. Bado inafunguka." Mtengenezaji wa sura hiyo, mtu wa ng'ambo, alimwandikia kwa hasira kwamba kwake inafunguka mara moja. Akamjibu: "Basi itumie wewe."

Kazi yake iliyojulikana kuliko zote ilikuwa plagini ya saa. Mtajua shida yenyewe. Blogu inaandika 10:00, na sisi tunasoma saa kumi, wakati aliyeandika tangazo alikuwa na maana ya saa nne asubuhi. Yeye alitengeneza plagini iliyoigeuza hiyo tarakimu na kuonyesha saa kama tunavyozitaja. Alipoipeleka kwenye jukwaa ili ikubaliwe, wakaguzi wa kujitolea waliirudisha. Walisema ina hitilafu, kwamba inarudisha muda nyuma kwa saa sita. Aliwaeleza kuwa sio hitilafu, kwetu siku inaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Wakamshauri arekebishe majira ya eneo. Akawaeleza tena. Mmoja wao, kwa nia njema kabisa, aliuliza kama serikali yetu inafahamu jambo hili. Nilikuwa dukani siku hiyo, akanigeuzia kompyuta nisome.

"Nimjibu nini huyu?" aliniuliza.

"Mwambie inafahamu."

"Inafahamu? Serikali ndiyo inayoniita mkutanoni saa tatu." Akaandika hivyo hivyo, na baada ya malumbano marefu plagini ikakubaliwa.

Ilienea taratibu. Shule ziliichukua, misikiti, vikundi vya akina mama, wachuuzi wa mboga. Parokia moja juu kwenye milima ya Uluguru iliichukua pia, kwa sababu katekista wake alikuwa na blogu ya kutangazia ratiba za misa, ndoa na mazishi. Waumini wengi wa kule ni wakulima wa mboga, na watoto wao wametawanyika kila mahali, kwa hiyo blogu ile ilikuwa inasomwa mbali kuliko kengele ya kanisa inavyosikika. Rafiki yangu alijivunia parokia ile kuliko wateja wake wote. Alikuwa Mwislamu asiyekosa swala, na alizijua ratiba za misa za kijiji ambako hakuwa na ndugu hata mmoja.

Kisha jukwaa likatoa toleo jipya. Blogu ya parokia ilijiboresha yenyewe, kama blogu zilivyopangwa kufanya, na plagini ya saa ikazimika bila kumwambia mtu. Wiki hiyo bibi mmoja wa kijijini alifariki. Ilikuwa masika, na kwa kuwa mvua ilikuwa inashuka kila mchana, padri alipanga misa ya mazishi iwe saa nne asubuhi. Katekista aliingiza muda kama alivyozoea. Blogu ikaandika 10:00.

Bibi huyo alikuwa na mtoto wa kiume anayeishi Gairo, mfanyabiashara wa karanga. Ndugu zake walimtumia kiungo cha tangazo, halafu mtandao wa kule juu ukakatika kwa mvua. Alisoma saa kumi, muda ambao huku kwetu watu wengi huzika. Alisafiri asubuhi kwa nafasi, akapanda mlima akijiona amewahi. Alipofika nyumbani kwa mama yake alikuta watu wamesharudi makaburini na wanawake wanaosha masufuria.

Katekista alimpigia simu rafiki yangu. Hakumlaumu, alitaka tu kujua kwa nini saa zimebadilika. Alipomweleza yaliyotokea, rafiki yangu alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo kaka yake hakulielewa, akaitengeneza plagini siku hiyo hiyo. Halafu akaniambia anakwenda Gairo na anaomba nimsindikize. Nilimwambia hana haja. Yule bwana hamjui, hata hajui kama kuna mtu wa kumlaumu. "Ndiyo maana naenda," alisema.

Tulimkuta kwenye ghala lake, ameketi juu ya gunia, mtu mzima mwenye mvi. Rafiki yangu alimwamkia shikamoo, akaitikia, akatukaribisha viti. Rafiki yangu hakuzunguka. Alimweleza kwamba ile saa aliyoisoma kwenye simu ilitakiwa iandikwe saa nne, kwamba chombo cha kuigeuza kilikuwa kimezimika, na kwamba chombo hicho alikitengeneza yeye.

Nje watu walikuwa wanapakia mahindi kwenye lori, nakumbuka sauti za magunia yakitupwa.

"Umetoka Morogoro kuja kuniambia hilo?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Misa zote za mwaka mzima nilikuwa nazisoma pale. Nikienda, naikuta saa ni ile ile." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Ungekuwa unakoseakosea, binti yangu, ningepiga simu kwa watu wa kijiji cha jirani nikahakikisha. Lakini ulikuwa hukosei. Nikaamini."

Rafiki yangu alisema tu pole, kwa sauti ndogo, na mzee akasema zimepokelewa. Kisha akauliza tumekula nini njiani, na kabla hatujasema akatuchotea karanga za kukaanga kwenye mfuko wa karatasi. Hakusema amesamehe. Alitusindikiza hadi barabarani, akasimama nasi mpaka basi likaja. Rafiki yangu aliupakata ule mfuko hadi Morogoro bila kuufungua.

Baada ya safari ile aliiandika plagini upya kabisa. Toleo la zamani lilikuwa linageuza saa pale msomaji anapofungua ukurasa, kwa hiyo likizimika, msomaji anapata tarakimu ya asili. Toleo jipya lilimfanya mwandishi mwenyewe aione saa kwa maneno kabla ya kuchapisha, saa nne asubuhi, na maneno hayo yakabaki ndani ya tangazo daima, plagini iwepo isiwepo. Wenzake wa ng'ambo walimkosoa kwamba huo si ufundi wa kisasa. Aliwajibu kwa sentensi moja, kwamba ufundi wa kisasa anaujua na umeshamfikisha Gairo. Hakuna aliyemwelewa, na hakufafanua.

Aliacha pia kuchambua kazi za wenzake kwa kejeli. Sisemi alikuwa mpole, hapana. Lakini aliandika kidogo, na mara nyingi aliuliza swali moja tu mwishoni: siku mtakapochoka, nani atabaki na hiki? Lilikuwa swali la haki. Jumuiya ile ya watengenezaji ni ya watu wanaojitolea baada ya kazi zao za mchana. Wanabishana, wanasaidiana, halafu mmoja anapata mtoto, mwingine anahama, mwingine anachoka kutukanwa na watu ambao hawajawahi kumwambia asante. Plagini inabaki pale na alama kwamba haijajaribiwa na matoleo mapya. Sisi tunaotumia tunasema tu kwamba imeharibika, kama tunavyosema ya bomba la mtaani. Na siku hizi wengi wameachana na blogu kabisa, matangazo yao yanaishi kwenye makundi ya simu na kufutika kesho yake. Aliliona hilo. Alisema hana ugomvi na watu kuhama, mradi wakihama wakumbuke kuchukua saa zao. Sikumuuliza alikuwa na maana gani. Wakati huo alikuwa ameshaanza kuumwa, na ugonjwa wenyewe hakutaka uzungumzwe. Ukimuuliza, alikuonyesha sura mpya ya blogu aliyokuwa anaishona.

Juzi, siku kadhaa baada ya mazishi, kaka yake aliniita dukani. Kompyuta ilikuwa bado pale pembeni ya meza, imewashwa, na ujumbe ulikuwa unaendelea kuingia. Hakujua afanye nini nao. "Wewe ni mtu wa kuandika," aliniambia, "naomba uwajibu." Nikakaa kwenye kiti cha marehemu. Nilitegemea kitu fulani kitanipata nitakapokaa pale. Hakikunipata. Nilisikia mkasi unakata kitambaa nyuma yangu, nikaanza kusoma.

Ulikuwepo ujumbe wa mwalimu wa shule moja ya mkoa mwingine. Blogu ya shule yake ilikuwa imevaa mojawapo ya sura za marehemu, na baada ya kujiboresha herufi zimekuwa ndogo mno, wazazi hawawezi kusoma. Alikuwa ameandika mara kadhaa, kila mara akiwa mkali zaidi. Wa mwisho ulisema: "Mbona huduma yenu imekuwa mbovu hivi? Jibuni basi."

Nikamwandikia kwamba aliyetengeneza sura ile amefariki, na kwamba mimi ni rafiki yake tu, sijui kurekebisha herufi.

Jibu lilikuja kabla sijainuka. "Poleni sana. Samahani kwa maneno yangu. Miaka yote hii nilidhani ni kampuni."

Nilimsomea kaka yake. Akaacha kukata, akaomba nimsomee tena. Nikarudia. Alisimama na mkasi mkononi, akaitazama kompyuta ile ambayo yeye na ndugu zake waliiita mchezo, na ndipo nilipomwona analia. Mimi nilibaki nimekaa.

Nimelifikiria neno la mwalimu yule tangu siku hiyo. Karibu kila kitu tunachokishika kwa siku nzima bila kukifikiria kimetengenezwa na mtu mahali fulani, mwenye duka, mwenye kaka, mwenye ugonjwa anaouficha. Tunamwandikia anapokosea. Kinachofanya kazi hakitufanyi tumwandikie. Basi leo, kabla hujaiweka simu chini, mtafute mmoja wa watu hao na umwandikie kwamba kitu chake kinafanya kazi. Usiwe na sababu nyingine. Mwandikie angali anaweza kusoma.