Hakudropu

Nafundisha Kiingereza Tabora mjini, na kila mwaka nawaeleza wanafunzi matumizi ya "drop out": mtu kujitoa mwenyewe, kwa uamuzi wake, kwenye mashindano au masomo. Sikudhani iko siku maneno hayo yatanipandisha hasira mbele za watu.

Ilikuwa kwenye kikao cha wazazi huko Sikonge, katika shule anayosoma binti wa kaka yangu, kidato cha pili. Kaka hakutokea, nikaenda mimi shangazi yake. Mkuu wa shule alipofika kwenye suala la utoro akamtaja mtoto wetu, akasema kwa utulivu kabisa, "Huyu amedropu." Kisha akaingia kwenye habari ya madawati.

Nikasimama. Nikamuuliza amedropu vipi, kaamka tu asubuhi akavichoka vitabu?

"Mwalimu mwenzangu, ndivyo tunavyoripoti," akanijibu, na kikao kikaendelea.

 Watu wazima wanamtoa mtoto darasani, halafu neno moja la kuazima linamfanya yeye ndiye mtendaji, na sisi wote tumenawa mikono. Nilitoka hapo nikakodi bodaboda hadi kwa kaka.

Nilimkuta binti nje ya banda la kukaushia tumbaku, anafunga majani kwenye fito, viganja vyeusi kwa utomvu. Akainuka kuniamkia, nikamwitikia, akarudi kwenye majani yake. Baba yake alikuwa pembeni anapasua kuni.

"Nani kamwachisha mtoto shule?" nikamuuliza.

"Aa, dada, huyo si amedropu? Halafu mwaka huu tumbaku imekubali, mikono haitoshi."

Wala hakuona kwamba amejijibu mwenyewe.

Nikamgeukia binti. "Eti mama, umeacha shule?"

"Nimedropu, shangazi," akasema, macho kwenye jani.

Hapo ndipo nilipoumia kweli. Walikuwa wamemfundisha kukiri kosa lisilo lake.

"Hujadropu. Umeachishwa. Hebu sema."

Akamtazama baba yake, akanitazama mimi. "Nimeachishwa," akasema. Kaka akainamia kuni zake.

Nilikuwa bado natafuta la kumwambia kaka, binti akaniwahi, haraka haraka, kama anayeogopa nitaondoka.

"Sare yangu ipo, shangazi. Huwa naifua."