Mabeki Wetu Hawabadilishwi

Jumamosi, kwenye uwanja wetu wa Vudee uliochongwa ubavuni mwa mlima, kocha mmoja kutoka Same mjini alikuja kuomba mabeki wetu wawili chipukizi. Badala yao angetupa mshambuliaji wake.

"Shikamoo mama. Kijana wangu anafunga kila mechi," alimwambia mwenyekiti wa timu yetu.

"Marahaba. Unaliona lile korongo?" Mama akalionyesha kwa kidevu. "Hapa mpira ukimpita beki unaporomoka hadi kule, na aliyepitwa ndiye anayeufuata. Hawa wawili hawajashuka tangu masika. Siwatoi. Huyo mshambuliaji mlete tu, tumfundishe kukaba."

Kocha akacheka, akaondoka mikono mitupu.

Nami siku hizi nikimwona beki wa mjini amepitwa, kasimama mikono kiunoni, najisemea: huyu hajawahi kufuata mpira korongoni.