Bibi na Majani ya Uwanja wa Ndege

Nilipokuwa mtoto pale Kibondo, tuliamini kwamba kila ardhi ina mwenyewe, na huyo mwenyewe si yule mwenye hati. Kabla ya kulima shamba jipya, mteko, yaani mzee wa kuombea ardhi, alimwaga pombe kidogo ya mtama na kuomba ruhusa. Baba yake bibi alikuwa mteko. Kwa hiyo uwanja wa ndege uliporefushwa hadi karibu na mihogo yetu bila mtu kuomba chochote, bibi alinuna.

Baba mdogo, mwanawe wa mwisho, ndiye aliyepewa kazi ya kufyeka majani ya uwanja ule na kufukuza mbuzi. Masika yale alifyeka mara moja, kisha akahamia kilabuni. Majani yakanifika magotini. Asubuhi moja, nikiwa naota moto jikoni, bibi akamwambia:

"Mwanangu, fyeka yale majani. Yakilowa yanateleza kama mlenda. Ukimaliza, mwaga pombe kidogo pale mwisho, ardhi ile haijaombwa. Usipofanya hivyo, iko siku ndege haitasimama."

"Mama nawe! Ndege ina breki," akacheka, akaenda zake.

Haikupita wiki. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika, ndege ndogo ya wageni wa kambi ya wakimbizi ikatua, ikateleza, ikapitiliza mwisho wa uwanja na kuchomeka pua kwenye mihogo yetu. Hakufa mtu, lakini rubani alitoka uso umejaa damu, anafoka, "Nani anafyeka huu uwanja?"

Watu wote wakamgeukia baba mdogo. Mimi nilikuwa nimeshika kanga ya bibi. Baba mdogo akanyoosha kidole upande wetu.

"Muulizeni mama! Alisema mwenyewe ndege haitasimama. Alisema ardhi haijaombwa!"

Nusu tu! Ile ya majani aliimeza. Nikapiga kelele, "Alisema ufyeke pia!" lakini nani anamsikiliza mtoto? Neno mchawi likaanzia nyuma, kwa wanawake tuliokuwa tukichota nao maji.  Bibi alimtazama mwanawe tu, mpaka baba mdogo akainamisha macho. Usiku ule nyumba yetu ilipigwa mawe. Bibi akahamia Titye kwa kaka yake, na Kibondo hakurudi tena.

Siku hizi sijui kama ardhi ile ilikuwa na mwenyewe. Majani mabichi yaliyolowa yalitosha kabisa. Ila nadhani kwa bibi mambo yale mawili yalikuwa heshima moja: unaomba, na kazi unafanya. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba imani aliyotulea nayo iligeuzwa jiwe la kumpigia, na aliyelirusha kwanza ni mtoto aliyemnyonyesha.

Mwaka jana, masika yalipoisha, nilikwenda Titye kusafisha kaburi lake. Baba mdogo, mzee sasa, akanifuata na kibuyu cha pombe ya mtama. Alitaka kumwaga, amwombe mama yake radhi. Majani yalikuwa yamefunika kaburi lote.

"Baba mdogo," nilimwambia, nikimpa fyekeo, "anza na majani."